Gari la marehemu baba limekataliwa kwenye ukaguzi, na fundi aliyelitengeneza ni mjomba wangu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanaume wa miaka 38, naishi Mtwara mjini, nina mke na watoto wawili, kazi yangu ni kufunga umeme majumbani. Naomba jina langu lisitoke kabisa maana ndugu zangu wanasoma safu yako na nikitajwa tu ukoo mzima utajua ni nani.

Marehemu baba alikuwa na gari, Volkswagen Kombi ile ya boksi yenye injini nyuma, ya mwaka 1986, aliinunua kwa Mjerumani mmoja aliyemaliza mkataba wake huku akawa anarudi kwao. Hii sio Kombi ya abiria, ndani ina kitanda cha kukunjua, kabati, sinki dogo, jiko la gesi la pleti mbili, na paa linanyanyuka ukitaka kusimama. Sisi watoto tulikuwa tunaliita "nyumba". Jumapili nyingine baba anatupakia wote mpaka Msimbati, na unajua kule gari linatembea mpaka ufukweni kwenye mchanga, basi yeye alikuwa anapita pembeni kabisa mwa maji, sisi tunapiga kelele madirishani. Na kila mwaka mara moja tunapanda nalo Newala, tunashuka ule mteremko kwenda Masasi kwenye makaburi ya bibi na babu.

Baba alifariki 2021. Gari aliniachia mimi, sio kwa karatasi, kwa mdomo, mbele ya mama na mjomba.

Mjomba ndo kiini cha barua hii. Ni kaka yake mama, fundi magari, ana miaka 71, gereji yake iko chini ya mwembe na toka nina akili zangu ndo yeye pekee aliyekuwa analishika lile gari. Na sisi ni Wamakonde Shangazi, unajua mjomba ni mtu wa aina gani kwetu. Ndo aliyesimamia jando langu, ndo aliyesimama kwenye posa yangu.

Mei 2024 tulikuwa tunatoka Dar na hilo gari, mimi, mama, mke wangu na watoto, kimbunga Hidaya kikapita, barabara ikakatika kule Somanga, magari yakapanga foleni huwezi kuona mwisho. Tukalala ndani ya Kombi. Mama akawasha jiko akachemsha chai sufuria baada ya sufuria, anawagawia watu wa kwenye mabasi wasiowajua, wenye watoto wachanga tukawaachia kitanda. Usiku ule ndo nikapata wazo, kwamba hili gari linaweza kutulisha. Familia ikija kutembea huku nawachukua Mikindani, Msimbati, Lindi mpaka Kilwa, wanalala humo humo, wanapika humo humo.

Mwaka jana nikakopa SACCOS milioni mbili na nusu nikampa mjomba anyooshe bodi na kupaka rangi. Mke wangu sikumwambia. Anajua mjomba alifanya kama ndugu, kwamba tulinunua rangi tu. Gari likatoka linang'aa, nyeupe na bluu, mama alilia alipoliona.

Sasa ili nianze kazi ya kubeba watu ikabidi lipite ukaguzi. Mkaguzi aliangalia taa sawa, wipa sawa, honi sawa. Halafu akatandika boksi akaingia chini na tochi, akawa anagonga na mpini wa bisibisi, ko, ko, ko, anasogea, ko, ko, halafu pu. Akarudia, pu. Akageuza bisibisi akaisukuma, ikazama mpaka kwenye mpini. Alipoivuta zikaanguka kutu nyekundu kama majani ya chai, na ndani yake mabonge ya puti, ule udongo mafundi wanaozibia matobo kabla ya rangi. Ni chini ya siti ya mbele ya kulia, maana usukani wa hili gari uko kushoto. Kwahiyo hapo ndo anapokaaga mama.

Akaniandikia orodha. Mihimili ya chini imeoza sehemu mbili, moja iko karibu na pale miguu ya mbele inaposhikilia. Mabomba ya breki yana kutu na hozi za mbele zimepasuka pasuka. Tairodi, kile chuma cha usukani kinachogeuza magurudumu, inacheza. Mpira wa petroli kule nyuma kwenye injini umekauka. Mpira wa gesi ni wa zamani sana. Na matairi, ambayo mimi niliyaona mazima kabisa kashata bado zipo, akanionyesha ubavuni yana nyufa na namba 2314, akasema hiyo ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Akaniambia kwa upole tu, "kijana, gari zuri hili, lakini na watu ndani silipitishi".

Nilipomwambia mjomba alicheka akasema huyo anataka hela ya chai, lete gari nipige kiraka kingine juu, nipake rangi nyeusi chini, lirudi. Fundi mwingine kijana anayechomelea vizuri kaniambia kazi ya kweli ni milioni nne na laki sita, bati likatwe lote lililooza. Mke wangu anasema liuzwe chuma chakavu, kuna mtu yuko tayari kutoa milioni moja na laki mbili. Mama anasema nikiuza hilo gari nimemuuza baba. Rafiki yangu anasema ana mtu anaweza kunipatia stika bila gari kurudi kukaguliwa. Na mkopo bado sijamaliza.

Usiku silali Shangazi, nasikia ile pu. Nilitengeneze, niuze, au nimwachie mjomba? Na namwambiaje mzee aliyenilea kwamba kazi yake imekataliwa kwa haki?

Mtoto wa Mtwara


Marahaba mwanangu,

Pole sana, na pole ya baba vilevile, maana naona msiba huu kwako bado mbichi. Barua yako nimeisoma mara tatu. Nilipofika pale bisibisi ilipozama na wewe ukakumbuka ni siti ya mama yako niliiweka chini kwanza nikanyamaza kidogo.

Ngoja nikurudishie nilivyokuelewa, uone kama nimekosea. Una gari bovu, hilo moja. Una deni ambalo mkeo halijui. Una mjomba ambaye kumkosoa kwako ni kama kumvua nguo mbele za watu. Una mama ambaye anaona gari lile ndo mumewe. Na vyote hivi umevirundika humo humo ndani ya Kombi, ndo maana unauliza "nilitengeneze au niuze" kama vile ukipata jibu la gari na mengine yote yatakaa sawa. Mimi naona kama ni mambo manne na kila moja lina mlango wake, na la gari pengine ndo jepesi kuliko yote.

Tuanze nalo basi. Mjomba anasema mkaguzi anataka hela ya chai. Inawezekana mjomba amekutana na wakaguzi wa namna hiyo maisha yake yote, simlaumu kusema hivyo. Lakini wewe ulikuwepo mwanangu, umeona kwa macho yako bisibisi ikiingia kwenye chuma kama inaingia kwenye muhogo uliooza. Na huyo mtu hakukuomba kitu, alikuonyesha mpaka namba ya tairi. Kwahiyo nakuuliza, ukiachana na maneno ya wote, wewe mwenyewe unaamini nini kuhusu lile gari? Nahisi unajua, ndo maana hulali.

Na sidhani kama ni la ajabu limefika hapo. Gari la miaka karibu 40, limeishi pembeni ya bahari, limetembezwa kwenye mchanga wa Msimbati maji ya chumvi yanarukia chini, halafu likasimama kwenye matope ya mafuriko kule Somanga. Chumvi inaingia kwenye maungio ya mabati inakaa humo, inakula toka ndani, nje rangi inabaki nzuri. Kombi hizo za boksi zinajulikana kuanzia kuoza kwenye maungio. Na Kombi haina chesisi ya peke yake kama lori, bodi lenyewe na ile mihimili ya chini ndo vinabeba kila kitu, kwahiyo bati likioza pale karibu na miguu ya mbele usilihesabu kama tobo la mlangoni.

Sasa kuhusu mjomba, naona unachukulia kwamba alikuficha. Hukuliandika wazi ila nimelisikia. Naomba ufikirie na upande wa pili. Mzee wa miaka 71 analala chini ya gari, macho sio yale, tochi mbovu, kijana ndo anayemsugulia kutu, na yeye toka ujana wake tobo linazibwa kwa puti na kiraka na magari yanatembea. Inawezekana aliona akafunika. Inawezekana hakuona. Inawezekana pia aliletewa kazi ya rangi kwa hela ya rangi, maana ulimwambia anyooshe bodi, hukumwambia akague mihimili, sawasawa na mtu akikuita wewe ubadilishe taa ya sebuleni halafu aje kukulaumu kwamba waya za darini zilikuwa zimeliwa na panya. Sikwambii ipi ni ya kweli, nakwambia hujui bado, na ukienda kwake ukiwa umeshahukumu ataisikia kwenye sauti kabla hujamaliza salamu.

Ningekuwa wewe nisingeenda gereji. Pale kuna vijana wake, kuna majirani, mzee lazima ajitetee. Nenda nyumbani kwake jioni, peke yako, na ile karatasi ya mkaguzi mfukoni usiitoe haraka. Mwambie ukweli wa moyo wako, "mjomba nina hofu, mama anakaa pale, nakuomba kesho twende wote chini ya gari unionyeshe". Mpe yeye hiyo bisibisi. Mtu aliyeshika vyuma miaka hamsini akisikia ile pu kwa mkono wake mwenyewe hahitaji wewe kumueleza. Anaweza kukasirika, hilo lipo, na usilichukulie dogo kwenye ukoo wenu. Anaweza kukaa mwezi hakusemeshi. Lakini pia anaweza kusema sawa, mlete huyo kijana mchomeleaji, mimi nitasimamia. Kuna wazee wanaoumia kukosolewa na kuna wazee wanaoumia kuachwa nje ya kazi, na mara nyingi ni la pili.

Tuje kwenye njia zenyewe.

Ukiamua kutengeneza, kitu cha kwanza gari lisimame. Lisiende hata sokoni. Nasema hivi hasa kwa ajili ya breki, maana mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani, na huku kwetu unyevu unaujua, halafu ukishuka mteremko mrefu kama ule wa Newala kwenda Masasi unakanyaga breki muda wote zinapata moto, yale maji yaliyomo yanachemka yanageuka mvuke na pedo inaenda mpaka chini haishiki kitu. Hapo bado hozi zimepasuka na mabomba yana kutu. Nikifikiria mmeshuka pale na watoto nyuma nashukuru Mungu tu.

Usiogope milioni nne na laki sita kama mlima mmoja, mwombe huyo kijana aigawe: mihimili peke yake, breki na tairodi peke yake, matairi peke yake. Mpira wa petroli na wa gesi ni hela ndogo ukilinganisha, na ndo vinavyounguza magari ya aina hiyo, kwahiyo hivyo visisubiri. Matairi ya saizi 14 ya kubebea mzigo sio ya kutafuta Dar, ila soma namba kabla hujalipa, tairi la dukani nalo linaweza kuwa limekaa miaka. Spea nyingine za Kombi najua utazihangaikia Kariakoo au kwa mtu anayevunja gari kama lako. Na mweleze fundi neno moja ulisimamie, puti isiguse chini ya gari, rangi isipakwe, mpaka mkaguzi ameliona bati jipya likiwa wazi na mshono wa kuchomelea unaonekana. Akisharidhika ndo mpake rangi ya kuzuia kutu, na ndani ya mihimili mmwagie mafuta mazito au nta, huko ndiko ilikoanzia.

Hatari yake nikwambie. Chuma kilichooza ukikata leo shubiri moja kesho kinadai mkono mzima. Bei uliyopewa ni ya kinachoonekana. Ukianza bila kujiwekea mwisho wa hela utajikuta umetumia milioni saba na gari liko juu ya matofali, mvua zimeanza. Kama mama ana mikorosho na mnasubiri malipo ya mnada, kaeni chini kwanza mjue kiasi gani cha hiyo hela kinaweza kupotea na bado watoto wakaenda shule.

Na kuhusu biashara, hapo pia nakuuliza taratibu. Umeshakaa ukapiga hesabu au ni ule usiku wa Somanga ndo unaongea? Ulikuwa usiku mzuri sana, mama anagawa chai, nimeuona kabisa. Lakini wale watu hawakulipa. Kubeba watu kwa malipo kuna leseni ya LATRA, wale wanaosimamia usafiri wa nchi kavu, kuna bima ya biashara ambayo sio ile ya gari la nyumbani, kuna siku injini itagoma Nangurukuru ukiwa na familia ya watu ndani. Wazo linaweza kuwa zuri bado. Ila kama mkopo wa gari utalipwa na biashara ambayo haijaanza, unabebesha gari mzigo ambao hata likiwa jipya lingeyumba.

Kuuza nako kuna namna zaidi ya moja. Mkeo anasema chuma chakavu, na simwoni kama mtu asiye na huruma, anaona hela za nyumba yake zinavyoingia pale bila kuambiwa zinatoka wapi. Lakini kuna watu wanaozitafuta hizo Kombi zenye vitanda wazitengeneze wenyewe, na huyo anaweza kukupa zaidi ya mtu wa mizani, sharti umpe ile karatasi ya mkaguzi mkononi kabla hajatoa hela.

Njia nyingine ambayo hamna hata mmoja wenu aliyeitaja, lisiuzwe na lisitembee. Lipandishwe kwenye matofali uani kwa mama, kivuli juu, kitanda kipo, paa linanyanyuka, wajukuu walale humo likizo. Haihitaji mihimili wala breki. Haileti hela pia, na kutu itaendelea polepole, hilo ukubali. Na hata likiwa limesimama mpira wa gesi ubadilishwe, maana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni na wewe umelala humo. Jiko lisiwashwe madirisha yamefungwa hata siku ya baridi.

Kiraka cha mjomba juu ya kutu, na stika ya rafiki yako. Sikuamulii mwanangu, ila hapa siwezi kukunong'oneza. Stika inakaa kwenye kioo. Pale chini ya siti hakuna kitakachobadilika, na wewe utakuwa ndo mtu pekee kwenye lile gari anayejua.

Mama sasa. Amekwambia ukiuza umemuuza baba. Je umeshamuuliza ni nini hasa anachokikosa? Inaweza kuwa gari. Inaweza kuwa ile safari ya makaburini kwa wazazi wake, kwamba anaogopa mwaka huu hakuna wa kumpeleka. Inaweza kuwa kupika chai pembeni ya barabara. Nawajua wajane wengi, kitu wanachokishikilia na kitu wanachokililia vinaweza kuwa viwili. Na je, anajua kilichokutwa chini ya siti yake? Nadhani hujamwambia ili usimtie hofu. Lakini ni mtu mzima, na ndo anayekaa pale. Anaweza kuwa na neno lake kuhusu kaka yake ambalo wewe huwezi kulisema.

Nimeliacha la mkeo mwisho sio kwa sababu ni dogo. Kabla hujakubaliana bei na fundi yeyote, kabla hata hujaenda kwa mjomba, mwambie kuhusu SACCOS. Ataumia, na ana haki, na anaweza kukuuliza kuna nini kingine sijui. Usimjibu na gari, usianze kumuelezea Somanga. Mwache aulize mpaka amalize. Yeye alikuwa ndani ya Kombi usiku ule ule, alikaa na watoto wa watu kitandani, na kwenye barua nzima hujaniandikia yeye aliona nini. Muulize.

Ukishaenda chini ya gari na mjomba niandikie. Na mkiwa hapo gongeni na upande wa kushoto, mkaguzi kasema sehemu mbili na wewe umenielezea moja tu.

Wako,
Shangazi